Kimti cha Marashi Hakizibi Rejeta

Nauza spea Gerezani, Dar es Salaam, na bidhaa inayotoka haraka dukani kwangu si breki pedi, si plagi, si hata oili. Ni marashi ya gari. Yapo ya ndimu, ya vanila, ya kahawa, na ya matunda ambayo wengi wetu hatujawahi kuyatia mdomoni. Yapo ya kuchomeka kwenye tundu la AC, ya kubandika juu ya dashibodi, na vile vimti vya karatasi vya kuning'iniza kwenye kioo cha kati. Sina ugomvi nayo; yananisaidia kulipa kodi ya fremu. Ugomvi wangu ni na maneno yanayotangulia manunuzi: "Mama, nipe kitu kikali, gari inanuka." Nikiuliza inanuka nini, mteja anashangaa. Kunuka ni kunuka, mama, nipe tu.

Nitasema wazi, ingawa najiharibia biashara: mtu anayeimwagia marashi harufu asiyoijua anajitafutia gharama, na siku mbaya anajitafutia msiba. Harufu ngeni ndani ya gari ina maana kuna kitu kimevuja, kimeungua, kimeoza au kimepata moto kupita kiasi, na mara nyingi inakufikia kabla taa yoyote haijawaka. Na kwenye magari yetu ya mtumba, taa zenyewe si za kutegemea. Nimeona dashibodi ambayo taa ya cheki injini ilizibwa kwa kipande cha tepu nyeusi ya mafundi umeme kabla gari halijauzwa. Aliyelinunua gari la namna hiyo amebakiwa na kipimo kimoja kizima, nacho kiko katikati ya uso wake.

Vile vimti vilibuniwa mwaka 1952 huko Watertown, jimbo la New York, na mkemia Julius Sämann. Kisa kinachosimuliwa ni cha dereva wa gari la maziwa aliyekuwa akilalamikia harufu ya maziwa yaliyomwagika. Kwa maziwa yaliyomwagika, sawa kabisa: chanzo kinajulikana, kimeshafutwa, kilichobaki ni kero. Sisi tumekipandisha cheo kimti, tumekifanya fundi.

Kuna jambo la maumbile ambalo kila anayeshika usukani anapaswa kulijua. Pua huchoka. Ukikaa na harufu moja dakika chache, ubongo unaizoea na kuiweka kando, unabaki macho kwa harufu mpya tu. Ndiyo maana wachuuzi wa samaki wa Feri hawasikii shombo, na ndiyo maana dereva ni mtu wa mwisho kujua gari lake linanuka. Anayejua ni yule aliyepanda sasa hivi: mkeo uliyempitia kazini, mtoto uliyemchukua shuleni, abiria aliyeingia Ubungo wakati wewe uko ndani tangu alfajiri. Mtu huyo akikunja pua, hajakutukana. Mwulize anasikia nini, na umwulize upesi, kwa sababu baada ya dakika chache pua yake nayo itakuwa imezoea.

Hivi karibuni kijana mmoja aliegesha gari lake dogo mbele ya duka, akaomba kimti cha vanila. Vanila juu ya nini, nikamuuliza. Akasema gari linanukia utamu utamu, kama kuna peremende imeyeyuka mahali, na kwamba anamshuku mwanawe kumwaga juisi. Kisha akaongeza, kana kwamba ni jambo lingine kabisa, kuwa siku hizi kioo cha mbele kinapata ukungu kwa ndani, akiufuta unarudi, na una mafuta mafuta. Nikatoka nje. Nilifungua mlango wa abiria wa mbele, nikainua kapeti upande wa katikati, chini ya redio, nikabonyeza sponji yake kwa vidole viwili. Yakatoka maji ya kijani, yanayoteleza, ambayo yalianza kunata vidole vilipokauka. Mtoto hakuwa na hatia. Ile ilikuwa kulanti.

Nyuma ya dashibodi ya gari kuna rejeta ndogo, ya hita. Dar es Salaam nani anawasha hita? Kwa hiyo wengi hawajui hata kama ipo. Lakini kwenye magari mengi maji ya moto kutoka kwenye injini hupita humo wakati wote, uwashe usiwashe. Rejeta hiyo ikitoboka, kulanti inalowesha kapeti na mvuke wake unatua kwenye kioo. Kulanti nyingi hutengenezwa kwa ethilini glaikoli, kitu chenye utamu wa kweli, na ni sumu ya kweli pia. Mtoto au mbwa akiinywa, inaweza kuua figo. Mafundi wa hapa wana dawa yao: wanaziunganisha zile hozi mbili huku nje na kuiruka hita. Kwa Dar haina neno. Lakini ukihamishiwa Makete, mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, kioo kimepauka na huoni mbele, utaikumbuka.

Kijana yule alikuwa na bahati moja ambayo wateja wangu wengi hawana: rejeta yake ilikuwa na kulanti. Wengi wanatembelea maji ya bomba. Wamewahi kuambiwa kwamba kulanti ni ya nchi za barafu, na sisi wa pwani tunadanganywa tu ili tununue. Mimi naiuza, kwa hiyo nishuku ukipenda, lakini sikiliza hesabu. Maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100. Mchanganyiko wa nusu kulanti nusu maji hufika takriban 107 kabla hata hujahesabu mgandamizo unaowekwa na kifuniko cha rejeta. Kulanti huzuia kutu. Na faida ambayo haiandikwi kwenye galoni ni kwamba ikivuja inanuka na inaacha rangi. Maji ya bomba yanavuja kimyakimya. Unagundua pale gari linapochemsha juu ya daraja la Mfugale, foleni mbele, foleni nyuma. Ongeza na ule mtindo wa kung'oa themostati "ili injini ipoe", na unapata gari ambalo halipati joto lake sawasawa, linakula mafuta, na likianza kuumwa halina namna ya kukwambia.

Utamu huo ukiambatana na moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikishapata moto, na oili yenye rangi ya chai ya maziwa, hapo usiniulize bei ya kimti. Gasketi ya silinda hedi imekufa. Zima, vuta gari, usiseme "nifike tu nyumbani". Wengi walionunua kwangu gasketi baada ya kusema hivyo walirudi tena kutafuta hedi, na baadhi injini nzima.

Watu wengine walijifunza kwa damu thamani ya harufu mbaya. Machi 18, 1937, shule moja katika mji wa New London, Texas, ililipuka. Gesi asilia ilikuwa imevuja na kujaa chini ya jengo bila mtu kuisikia, maana gesi hiyo kwa asili yake haina harufu. Walikufa watu karibu 300, wengi wao watoto. Baada ya hapo sheria zikaanza kudai gesi itiwe kemikali yenye uvundo wa makusudi, ya jamii inayonuka kabichi iliyooza. Fikiria: serikali na makampuni walikaa, wakakubali kutumia fedha ili kitu kinuke. Sisi tunatumia fedha kufuta.

Na gesi sasa ni ya kwetu. Ile ya Songo Songo ilianza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004, na leo bajaji, teksi na magari ya watu binafsi yanatembelea gesi, mtungi umelala kwenye buti na mgandamizo wa takriban baa 200 ndani yake. Nafurahi, gesi ni nafuu. Lakini nimeshaombwa marashi na dereva wa gari la gesi aliyetaka kitu cha kuweka kwenye buti kwa sababu "kunanuka nuka". Sikumuuzia. Harufu ya kabichi iliyooza kwenye buti la gari la gesi ina maana moja, na hatua zake ni hizi: simama mahali pa wazi, zima injini, fungua milango na buti, funga valvu ya mtungi, watu wote washuke, pasiwe na sigara wala mtu wa kujaribu swichi, kisha piga simu kwa waliokufungia mfumo. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, ikipata upenyo inapaa. Mtungi wa kupikia uliobebwa kwenye gari ni habari nyingine; gesi yake ni nzito, inatuama chini, miguuni mwenu.

Mvuke wa petroli nao ni mzito, na nao unatuama. Harufu ya petroli baada ya kujaza mafuta, ikaondoka baada ya dakika mbili tatu, ni kawaida. Ikibaki, au ikija gari likiwa limelala usiku kucha, tafuta: raba ya kifuniko cha tangi imekatika, sili ya pampu ya mafuta iliyoko chini ya kiti cha nyuma imekauka, hozi za karibu na injini zimepasuka kwa joto, au raba za nozeli zinavujisha. Ni vitu vidogo, vingine vinafungwa kwenye kikaratasi nikikuuzia. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya chini ya sifuri, sembuse jua la mwezi wa pili. Tulioona kilichotokea Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, ambapo zaidi ya watu 100 walikufa baada ya lori la mafuta kuanguka na kulipuka, hatupaswi kuhitaji kubembelezwa katika hili.

Kuna na harufu ya plastiki inayoungua. Hii naomba niwe mkali kidogo. Gari linatoka Japani na fyuzi ya ampia 10 kwenye nafasi yake. Baadaye inafungwa redio kubwa, alamu, taa za rangi chini ya viti, kamera ya nyuma, vyote vimeunganishwa kwa waya uliokwanguliwa kwa meno. Fyuzi inakatika. Kazi yake ndiyo hiyo, kukatika. Kijana anaweka ya 30, au anaizungushia waya wa shaba. Kuanzia siku hiyo kinachokatika si fyuzi tena, ni nyaya zilizopita chini ya kapeti lako. Wakati mwingine harufu yenyewe si ya kuungua hasa; ni shombo, na hujabeba samaki. Plastiki za viunganishi zikipata moto sana huweza kutoa shombo namna hiyo. Zima gari, chomoa kichwa cha betri, tafuta fundi umeme, na ukimpata mwambie aanze na vitu vilivyoongezwa.

Harufu ya yai bovu ina milango miwili. Wa kwanza ni betri: alteneta ikiharibika mdhibiti wake wa chaji inaichemsha betri. Injini ikiwa inaunguruma, mita inatakiwa isome kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi, ukiona 15 na zaidi, na betri ina joto na imevimba pembeni, usisogeze moto wala usianze kubusti mtu. Mlango wa pili ni ekzosi. Salfa iliyomo kwenye mafuta ikikutana na masega yaliyochoka, yaani kile kisafisha moshi kilichomo ndani ya ekzosi, au injini inayomwaga petroli nyingi kuliko inavyochoma, hutoka harufu hiyo. Nchi za Afrika Mashariki zilishusha kiwango cha salfa kwenye mafuta kuanzia Januari 2015, kwa hiyo siku hizi ukisikia yai bovu anza kulilaumu gari lako kabla hujalaumu kituo.

Hapo kwenye masega kuna wizi unaofanyika mchana kweupe. Mle ndani kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei. Unapeleka gari kwa tatizo jingine, unaambiwa masega yameziba, yatolewe "gari liwe jepesi". Yanatolewa, yanauzwa, na wewe unaachiwa bomba tupu. Kuanzia hapo moshi wako unachoma macho ya waliokaa nyuma yako kwenye foleni. Huusikii, maana uko nyuma na wewe uko mbele na kimti chako. Katika harufu zote za gari, hii ndiyo inayonifanya nifungue kioo na kumwambia mtu.

Ili nisionekane naogopesha watu, si kila kinachonuka ni ajali. AC inayotoa harufu ya soksi zilizolowa ni ukungu ulioota kwenye kipoza hewa cha ndani. Badilisha chujio la hewa ya ndani, ambalo wengi halijaguswa tangu gari lishuke bandarini, na uwe unazima kibonyezo cha AC dakika chache kabla ya kufika, feni ikiendelea kupuliza, ili mle ndani pakauke. Kama kapeti limelowa maji yasiyo na rangi wala utamu, huenda mrija wa kutolea maji ya AC umeziba, unazibuliwa bure. Na kuna harufu tunazojiletea: dagaa, mabuti ya mpira, duriani iliyovuka na boti kutoka Unguja. Kwa hizo njoo, nitakuuzia marashi kwa roho safi, ingawa kwa duriani sikuahidi kitu.

Marehemu baba yangu alitengeneza malori Tanga, na alikuwa na tabia ambayo mama aliichukia: akishachomoa kijiti cha kupimia oili, kabla hajakitazama, anakinusa. Oili ya gia boksi ya otomatiki ikiwa nzima haina harufu ya kukera. Ikinuka kuungua na imegeuka kahawia nzito, alikuwa anamwambia mwenye gari aanze kuweka akiba. Ya difu inanuka salfa kwa asili yake, kwa hiyo ukiisikia nje ya difu maana yake imetoka, itafute sili. Injini oili inayoungua inajulikana kwa moshi mwembamba wa bluu na harufu nzito unaposimama kwenye taa: mara nyingi ni gasketi ya tapeti kava inayodondoshea oili kwenye manifoldi ya ekzosi. Spea hiyo ni ya bei ndogo. Watu wanaishi nayo miaka, wanaongeza lita moja kila mwezi, na lita hizo zingenunua gasketi kumi. Klachi haina siri. Ukiiunguza ukipanda kilima foleni ya magari ikiwa nyuma yako, unajua mwenyewe.

Fundi mzuri anahitaji kusikia kwako vitu ambavyo pua yake haitavipata gereji, gari likiwa limepoa. Inanuka ukiwasha tu asubuhi, au baada ya nusu saa? Ukiwasha AC au hata bila AC? Ukipanda, ukishuka, ukisimama? Ndani au nje, kulia au kushoto? Mwenye majibu hayo hununua kwangu kitu kimoja. Asiye nayo hununua vitatu, viwili vya kubahatisha. Mimi nafaidika na wa pili, na bado nakuandikia haya.

Kuna kitu pua haiwezi, na lazima kisemwe hapa kabla mtu hajaiamini kupita kiasi. Moshi wa gari una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, inayong'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Moshi wenyewe unaweza kuusikia. Gesi hiyo ikiwa imejitenga hutaisikia. Mtu anayelala garini amefunga vioo, injini inaunguruma ili AC ifanye kazi, na ekzosi ina tundu chini ya sakafu, anaweza asiamke. Vilevile wanaopakia kitanda kwenye Noah na kufunga mlango wa nyuma nusu kwa kamba: gari likikimbia, hewa huzunguka na kuuvuta moshi uingie ndani kwa watoto waliokaa nyuma. Kichwa kikiuma garini na kikaacha ukishuka, usinunue dawa ya kichwa kwanza. Kagua ekzosi.

Nimalizie na breki, maana hapa harufu si ya mwenye gari peke yake. Nilikuwa natoka Iringa kwa basi, tunashuka Kitonga. Wanaoujua mlima ule wanajua: kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja, bonde upande mwingine, na malori ya Tunduma yanayojikongoja. Katikati ya mteremko ikaja harufu kali, ya kukwangua koo, kitu kama gundi inayoungua. Mzee mmoja aliyekaa juu ya tairi la nyuma akasema kwa sauti, "Dereva, breki zinanuka, hebu simama." Konda akajibu bila kugeuka, "Tulia mzee wangu, ni lori hilo la mbele." Watu wakacheka. Huenda ingekuwa kweli, maana harufu ya breki za mwenzako huingia dirishani. Lakini lori lilikunja kona, tukaliacha mbali, na harufu ikabaki nasi. Mzee akasimama. Mama mwenye mtoto akasimama. Ndipo dereva alipopunguza gia, akashuka kwa injini, na kusimama Ruaha Mbuyuni, pale wanapouza vitunguu.

Tairi la nyuma kushoto lilikuwa linafuka. Utingo akaja mbio na ndoo ya maji. Yule mzee akamzuia, na alikuwa sahihi, kwa sababu maji ya baridi juu ya chuma chenye moto ule yanaweza kulipasua deramu. Tukasubiri lipoe. Breki ya upande huo ilikuwa imekazwa kupita kiasi, haiachii, na dereva alikuwa amekanyaga mlima mzima. Basi na lori hutumia breki za upepo: deramu likipata moto linatanuka na kuzikimbia shuu, na shuu zenyewe zinateleza, unakanyaga na gari haliitiki. Kwenye gari dogo ni maji ya breki yanayochemka. Ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Yakishakunywa unyevu wa hewa, kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140, na mguu unazama hadi chini. Ndiyo sababu madereva wa zamani walikuwa wanaingia mteremkoni na gia ambayo wangeipandia, na ndiyo sababu anayeweka frii Kitonga kuokoa mafuta ananunua kitu cha bei mbaya kuliko mafuta.

Sasa hoja yangu. Basi lile lina watu zaidi ya 50, kila mmoja na pua yake, na wote tumefundishwa kwamba abiria kazi yake ni kukaa. Tumefanikiwa kuwafundisha Watanzania kumkemea dereva anayekimbiza. Kuna mabasi yenye namba za simu zilizobandikwa ndani kwa ajili hiyo, na watu wanazipiga. Harufu haimo. Ukaguzi unaangalia taa, waipa, pembetatu za kuakisi mwanga na mtungi wa kuzimia moto, vyote vya macho. LATRA, wanaotoa leseni za mabasi, wanaweza kuongeza mstari mmoja kwenye ile karatasi iliyobandikwa juu ya viti: abiria akisikia harufu ya kuungua, ya mafuta au ya gesi, aseme, na dereva asimame mahali pa kwanza palipo salama. Konda apewe na utaratibu wa kufuata, usiwe wa kubishana: gari likisimama, ashuke na dereva, wapite tairi moja moja kuanzia nyuma kushoto, wasogeze kiganja karibu na chuma bila kukigusa, wainuse kila moja, wafungue boneti, kisha ndipo awajibu abiria kama lilikuwa lori la mbele.